Umepata ajali ukiwa abiria wa teksi mtandao Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye ajali ya gari la kuitwa kwa simu, kila mmoja ana karatasi yake isipokuwa abiria. Dereva ana leseni ambayo trafiki ataishika. Mwenye gari ana kadi na bima. Kampuni ya programu ina kumbukumbu za safari. Abiria anajikung'uta vumbi, anasema "mimi mzima, namshukuru Mungu", anapanda bodaboda na kwenda zake. Wiki mbili baadaye shingo haigeuki, na akirudi kituoni anakuta jalada lina magari mawili na madereva wawili. Yeye hayumo.

Majibu haya ni kwa ajili ya abiria huyo. Maswali ni yale ninayoulizwa tena na tena na majirani wa Nkuhungu na Kisasa, wanafunzi wa UDOM, na wageni wanaoteremka treni ya SGR usiku wakaita gari bila kuujua mji. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania nzima, kwa hiyo aliyepata ajali Manyoni au Kondoa naye atapata chake humu.

## Dakika za mwanzo barabarani

1. Tumegongwa na bado nipo ndani ya gari. Nianze na nini?

Anza na mwili wako, simu itafuata. Sogeza vidole vya mikono na vya miguu. Kama miguu ina ganzi, au shingo inauma ukijaribu kuigeuza, baki ulipo na useme kwa sauti: "Msinivute, shingo inauma." Watu wa hapa ni wema, ndani ya dakika mbili mtu ameshakubeba juu juu ili akuwahishe. Mwenye jeraha la uti wa mgongo anaweza kupooza kwa kubebwa hivyo, kwa hiyo usione haya kuwazuia.

Ukisikia harufu ya petroli au ukaona moshi, toka hata kama unaumia. Toka pia ikiwa gari limesimama katikati ya barabara kuu, hasa ile ya Dar es Salaam kuelekea Ihumwa na Mtumba ambako malori hayakatiki. Pitia mlango ulio mbali na magari, kaa nje kabisa ya lami, na usiku washa tochi ya simu.

Anayevuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie kila dakika kuchungulia. Aliyeumia vibaya usimpe maji wala soda hata akiomba, huenda akahitaji upasuaji.

2. Nipige namba gani?

112 ni polisi. 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hao ndio wa kuitwa mtu akibanwa na vyuma, kwa sababu wana vifaa vya kukata. 115 ni ya mfumo wa m-mama, kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga (tazama swali la 10).

Mara nyingi majeruhi wa mjini hupelekwa hospitali na gari la msamaria. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua gari ambalo mtu anaweza kulazwa. Mwenye maumivu ya shingo, mgongo au nyonga hafai kukalishwa kwenye bajaji.

3. Dereva ananiomba "tuyamalize wenyewe, usiite trafiki". Nikubali?

Hapana. Ninaelewa kwa nini anaomba. Madereva wengi gari si lao, wanapeleka hesabu kwa bosi kila wiki au wako kwenye mkataba, na gari likikaa kituoni siku tatu hesabu haipatikani na mkataba unayumba. Anakuomba kwa sababu ana njaa, na pengine ni kijana wa heshima kabisa. Lakini elfu thelathini anayokupa pale kipilefti haitalipa kipimo cha CT scan, na ukishaipokea bila polisi kufika hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ajali ilitokea na wewe ulikuwemo.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyepata ajali yenye majeruhi asimame, atoe msaada na kutoa taarifa polisi. Mwambie kwa upole: "Kaka, sina ugomvi na wewe, nataka tu niandikwe." Trafiki akifika, hakikisha ameandika jina lako kamili, namba yako ya simu na kwamba ulikuwa abiria wa gari gani. Mwombe akutajie jina lake na kituo chake. Ukifanya hili moja tu katika yote yaliyomo humu, umefanya kubwa kuliko yaliyobaki yote.

4. Picha zipi ni za maana?

Namba za magari yote. Magari yalivyokaa kabla hayajasogezwa. Alama za breki kwenye lami. Stika ya bima kwenye kioo cha mbele kama ipo. Leseni ya dereva, ukimwomba. Kisha piga picha moja ya mbali inayoonyesha eneo, kwa mfano kibao cha barabara au duka, kwa sababu mtu akisema "karibu na Nanenane" anaweza kuwa anataja kilomita nzima.

Chukua namba za simu za watu wawili walioona, ikiwezekana wenye duka au kibanda pale pale, ambao kesho utawakuta. Na tafadhali usirushe kwenye makundi ya WhatsApp picha za waliolala wamejeruhiwa. Mama yake mtu anaweza kuipata habari kwa njia hiyo.

5. Safari kwenye programu niiache au niifute?

Usiifute. Piga skrinishoti ya safari ikiwa bado inaendelea: jina na picha ya dereva, namba ya gari, muda, ulikotoka na ulikokuwa unaenda. Iache dereva aifunge. Baadaye ripoti ajali kupitia sehemu ya msaada ndani ya programu, kwa maandishi, hata kama dereva amekuambia ameshawajulisha yeye. Taarifa yake ni ya gari, na yako inahusu mwili wako.

## Hospitali na mwili wako

6. Sina hata mkwaruzo. Kuna haja ya kwenda hospitali?

Ipo, siku hiyo hiyo. Mwili uliopata mshtuko huficha maumivu kwa saa kadhaa. Maumivu ya shingo na mgongo mara nyingi huanza kesho yake au keshokutwa, na damu inayovuja tumboni haionekani kwa nje.

Kwa siku mbili za mwanzo usilale peke yako nyumbani. Mtu wa nyumbani ajue dalili za kukurudisha hospitali mara moja: kutapika, kichwa kuuma kunakozidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, maji maji au damu kutoka sikioni au puani, tumbo kuwa gumu, kukojoa damu, ganzi mikononi au miguuni. Dalili za kichwa zikitokea usiku, usisubiri kupambazuke.

Kuna sababu ya pili. Daktari akikuona siku ya ajali, maandishi yake yanaunganisha maumivu yako na ajali ile. Ukienda baada ya wiki tatu, kampuni ya bima itauliza katikati hapo ulianguka wapi.

7. Niende hospitali ipi kwa hapa Dodoma?

Kwa dharura, iliyo karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wanaiita General, iko katikati ya mji. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko upande wa UDOM na ina mabingwa wa majeraha makubwa. Aliyeumia upande wa Chamwino yuko karibu na Hospitali ya Uhuru. Kwa majeraha madogo Kituo cha Afya Makole kinatosha kuanzia, wao watakupa rufaa ikibidi.

8. PF3 ni nini, na nitatibiwa bila kuwa nayo?

PF3 ni fomu ya polisi inayojazwa na daktari aliyekuhudumia, ikieleza majeraha yako. Ndiyo daraja kati ya hospitali na jalada la polisi.

Majeruhi wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Ukiwa umelazwa, ndugu anaweza kwenda kituoni kuifuatilia. Fomu haiuzwi. Anayekuomba hela ya "karatasi" au ya "wino", namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Daktari akishaijaza, isome kabla hujatoka. Niliwahi kuumia mkono kwenye ajali, bega likaandikwa na kidole kilichovunjika kikasahaulika. Nilikuja kukitaja baadaye na nikaonekana ninaongeza chumvi. Taja kila panapouma, hata pale unapoona ni padogo. Kisha piga picha pande zote mbili za fomu kabla hujairudisha.

9. Bili ya matibabu nani anailipa?

Wewe kwanza, au bima yako ya afya, halafu unadai. Kuna watu wanakaa na mfupa uliovunjika wakisubiri mwenye gari alete hela. Tibiwa. Tunza risiti zote, za vipimo, za dawa, hata nauli za kwenda kliniki, ndani ya bahasha moja. Risiti za mashine hufifia wino kwa joto la Dodoma, kwa hiyo zipige picha siku unayozipata.

10. Nina mimba na sijaumia popote. Je?

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama mtoto anacheza. Mshtuko wa tumbo unaweza kubandua kondo la nyuma bila jeraha kuonekana. Ukiona damu, maji yakitoka, tumbo likikaza au mtoto akipunguza kucheza, piga 115.

11. Tangu ajali silali, na nikisikia honi moyo unaenda mbio.

Hilo ni jeraha kama mengine na linatibika. Likizidi mwezi mmoja, mweleze daktari na uombe liandikwe kwenye faili lako. Hapa Dodoma watu wanaogopa kuonekana wanaingia Mirembe kwa sababu jina hilo wamelifanya tusi. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, yenye wataalamu ambao watu wa mikoa mingine wanasafiri kuwafuata. Mimi ningeenda.

## Polisi na karatasi

12. Niliondoka eneo la ajali bila kuandikwa. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila nenda leo. Nenda kituo kilichochukua ajali hiyo (kama hujui, anzia Kituo Kikuu), upande wa usalama barabarani, ukiwa na skrinishoti ya safari na karatasi za hospitali. Eleza kuwa ulikuwa abiria na unaomba kuandika maelezo na kupewa PF3. Omba namba ya jalada. Kila siku inayopita inaongeza swali la kwa nini ulikaa kimya.

13. Nieleze nini kwenye maelezo yangu?

Uliyoyaona na kuyasikia, kwa mpangilio wake. Ulikaa kiti gani. Dereva alikuwa anaongea na simu au la. Mwendo ulikuwaje kwa unavyokadiria. Mjini kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Usiseme nani mwenye kosa kama hukuona, na usimkinge dereva kwa huruma. Kama hukuona kwa sababu ulikuwa unaangalia simu, sema hivyo hivyo. Maelezo yasomwe kwako kabla hujasaini.

14. Polisi wanatakiwa kunipa karatasi gani kwa ajili ya bima?

Kampuni za bima kwa kawaida huomba PF3, fomu za polisi zijulikanazo kwa namba PF90, PF93 na PF115, mchoro wa eneo la ajali, na kama kesi imekwenda mahakamani, hati ya mashtaka na nakala ya hukumu. Hazitoki siku moja, nyingine husubiri upelelezi na ukaguzi wa magari. Weka tarehe ya kurudi kuulizia kila mara unapotoka kituoni, na umjue mpelelezi wa jalada lako kwa jina.

15. Dereva amekiri kosa na amelipa faini mahakamani. Pesa yangu iko wapi?

Hili linawaumiza watu kuliko yote. Faini inaingia serikalini, na kesi ya trafiki ni kati ya Jamhuri na dereva. Ndani yake wewe ni shahidi tu. Fidia yako ni dai lingine, unalolifungua wewe kwa kampuni ya bima au kwa kesi ya madai.

Lakini usiidharau kesi hiyo. Dereva akitiwa hatiani, nakala ya hukumu ndiyo ushahidi wako wenye nguvu kuliko wote wa nani alikosea. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Nimeona kesi zikifutwa kwa sababu shahidi hakuja, na shahidi mwenyewe ndiye aliyekuwa anasubiri fidia.

16. Nilikuja Dodoma kwa siku mbili tu, naishi Dar es Salaam. Nifuatilie vipi?

Wageni wanakuwa wengi hasa kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Kabla hujaondoka fanya mambo mawili: andika maelezo yako, na uchukue PF3 iliyojazwa au nakala yake. Jalada litabaki Dodoma na kesi ya trafiki itasikilizwa Dodoma. Matibabu unaweza kuyaendeleza unakoishi, mradi unamwonyesha daktari wa huko karatasi za huku. Ndugu au wakili wa hapa anaweza kufuatilia fomu kwa barua yako ya idhini.

## Bima, na nani unamdai

17. Gari lina bima ndogo tu. Si ndiyo basi tena?

Kinyume chake. Bima ndogo ndiyo inayokuhusu wewe. Bima kubwa inaongeza kumlipa mwenye gari kwa gari lake. Bima ndogo ipo kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kuwa nayo, na kwa gari linalobeba abiria kwa malipo, kinga hiyo inapaswa kuwafikia abiria pia.

18. Nitajuaje kama gari lina bima kweli?

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa TIRA-MIS kwenye mtandao ambako unahakiki bima ya gari kwa namba yake ya usajili. Fanya hivyo siku ya ajali na upige skrinishoti inayoonyesha kampuni iliyotoa bima na tarehe ya kuisha. Usitegemee stika peke yake.

19. Gari lililonibeba lina namba ya njano. Inabadilisha kitu?

Inaweza. Namba ya njano ni ya gari binafsi. Nyeupe ni ya biashara. Gari lililokatiwa bima kwa matumizi binafsi likikutwa linabeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima inaweza kusema halikuwa kwenye matumizi yaliyokubaliwa, na dai lako likaanza kwa mabishano. Usikate tamaa kwa sababu hiyo: Sura ya 169 inaibana kampuni iliyotoa bima ya lazima kulipa hukumu ya mahakama hata inapokuwa na ugomvi wake na mteja wake, ila ni lazima ipewe taarifa ya kesi kwa wakati. Hapo ndipo wakili anapohitajika.

Mara nyingine gari likifika, itazame rangi ya namba kabla hujafungua mlango.

20. Nimdai nani: dereva, bosi wake, au kampuni ya programu?

Bima inafuata gari, kwa hiyo dai la kwanza linakwenda kwa kampuni ya bima ya gari lenye kosa, liwe ulilopanda au lililowagonga. Kama magari yote mawili yamechangia, unaweza kuyadai yote mawili. Wewe abiria hukushika usukani. Ugomvi wao wa nani alikosea zaidi usikucheleweshe.

Kesi ikifika mahakamani, dereva hushtakiwa pamoja na mwenye gari, kwa kuwa mwajiri hubeba makosa ya anayemfanyia kazi. Kampuni za programu hujieleza kwenye masharti yao kuwa zinamkutanisha abiria na dereva tu. Hata hivyo wapelekee taarifa, kwa sababu wao ndio wenye kumbukumbu za safari, na baadhi ya huduma zina bima ya safari ambayo inaelezwa ndani ya programu yenyewe. Malalamiko kuhusu huduma au leseni yanapelekwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo ndiyo msimamizi wa teksi mtandao chini ya sheria ya mwaka 2019.

21. Kampuni ya bima inanizungusha. Niende wapi?

Andika barua ya dai, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Mazungumzo ya simu hayaachi alama. Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu ya maana, nenda TIRA, na mbele zaidi kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 ili mtu wa kawaida asilazimike kuanzia mahakamani. Kwa asiyemudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, ulizia halmashauri.

22. Wananipa hela leo nikisaini. Nisaini?

Soma karatasi inasema nini. Ikisema ni malipo ya mwisho na hutadai tena, usisaini kabla daktari hajakuambia umepona au ulemavu wako umefikia wapi. Vyuma vilivyowekwa mguuni vitahitaji kutolewa, na upasuaji huo wa pili una bili yake. Hesabu pia kipato ulichokosa. Mama lishe wa Sabasaba aliyelala nyumbani miezi miwili amepoteza mtaji pia, na asione aibu kuleta daftari lake la mauzo.

23. Nina muda gani wa kufungua kesi?

Kwa madai ya madhara yaliyotokana na uzembe, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa anapofikia utu uzima. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo.

24. Kuna mtu alinifuata wodini, anasema atanifuatilia fidia.

Huyo ni kishoka mpaka athibitishe vinginevyo. Usimpe PF3 halisi, usisaini karatasi ya kumpa mamlaka, na fidia iingie kwenye akaunti yako. Wakili wa kweli ana ofisi na jina lake linahakikiwa.

## Hali zisizo za kawaida

25. Dereva aliniomba niifute safari tukaenda kwa keshi. Nimepoteza haki?

Hujapoteza ile kubwa. Bima ya lazima ya gari haiangalii programu (swali la 17). Ulichopoteza ni ushahidi, na bima ya safari ya programu kama ilikuwepo. Tafuta mbadala: safari iliyofutwa bado inaonekana kwenye historia yako, simu mlizopigiana, ujumbe wa malipo ya M-Pesa au Airtel Money. Vikusanye leo.

26. Aliyekuwa anaendesha si yule wa kwenye picha.

Kuazimana akaunti kupo. Andika kwenye maelezo majina yote mawili na uiripoti kampuni. Dai dhidi ya gari linabaki, kwa sababu namba ya gari ndiyo inayobeba bima. Kama hata gari lilikuwa jingine, namba uliyoipiga picha ndiyo ya kufuata, achana na ile ya kwenye programu.

27. Lililotugonga limekimbia.

Waeleze polisi chochote ulichokiona: rangi, aina, tarakimu mbili za namba, lilikoelekea. Vituo vya mafuta na baadhi ya maduka vina kamera, lakini picha hufutwa baada ya siku chache, kwa hiyo mkumbushe mpelelezi mapema. Angalia pia kama dereva wako naye alichangia, kwa mwendo au kwa kutokutoa ishara. Kama alichangia, bima yake ni mlango uliobaki wazi.

28. Hatukugongana na gari. Tuligonga ng'ombe, au tuliingia korongoni.

Barabara za Singida na Bahi zina mifugo na punda wakati wote, na Desemba hadi Aprili makorongo hujaa maji ndani ya saa moja. Dereva atasema ni mapenzi ya Mungu. Swali la kisheria ni kama dereva makini angepunguza mwendo, au angesubiri maji yapungue. Ukiwa ulimwambia "usipite" na akapita, hilo liandikwe kwenye maelezo yako.

29. Sikufunga mkanda.

Dai bado unalo. Fidia inaweza kupunguzwa kwa kiasi ambacho kutofunga kulizidisha majeraha. Usidanganye, majeraha yenyewe humwonyesha daktari.

30. Kompyuta yangu imevunjika, na simu imepotea pale pale.

Bima ya lazima inalenga kifo na majeraha. Mali iliyokuwa ndani ya gari ulilopanda mara nyingi haimo, hivyo unamdai dereva na mwenye gari, au gari jingine lililosababisha. Simu iliyoibiwa iripoti polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako, kisha ufunge laini.

31. Nilikuwa safarini kikazi.

Mtumishi aliyetumwa kutoka Mtumba kwenda kwenye kikao, akaumia njiani, ameumia kazini. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mara moja ili apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kutoka nyumbani kwenda kazini asubuhi ni suala jingine, hapo usichukulie kuwa limo moja kwa moja.

32. Niliita bajaji au bodaboda. Ni vilevile?

Ndiyo, navyo ni vyombo vya moto na bima ni lazima. Tatizo ni kwamba vingi bima imeisha, ndiyo maana swali la 18 lina uzito zaidi huko. Chombo kikiwa hakina bima, kinachobaki ni kumdai dereva na mmiliki wenyewe mahakamani. Kama mlipanda mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki, tarajia kuulizwa hilo, kama ilivyo kwa mkanda (swali la 29).

33. Abiria amefariki. Familia ifanye nini?

Poleni sana. Mazishi kwanza, lakini mtu mmoja wa familia aachiwe kazi ya karatasi tangu siku ya kwanza: taarifa ya daktari ya sababu ya kifo, namba ya jalada, skrinishoti kutoka kwenye simu ya marehemu. Msiifute simu hiyo wala kuitoa laini.

Baadaye mnahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kuwa kampuni ya bima hailipi kwa ndugu aliyejitokeza tu. Sheria ya Sura ya 310 inawapa wategemezi, yaani mume au mke, watoto na wazazi, haki ya kudai msaada walioupoteza. Andikeni majina ya wategemezi wote mapema, hata mtoto aliyeko kijijini kwa bibi yake, kwa sababu asiyeandikwa ndiye anayekosa mgawo.